Udongo Uliolowa, Chokaa na Kipimo cha Jana

Ndugu wasimamizi, mafundi sanifu, waendesha mitambo, nanyi vijana wa maabara ambao naona matope bado yako kwenye buti: shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote naomba mtazame meza hii. Kuna ndoo mbili. Zote zina udongo wa mfinyanzi uliochimbwa shimo moja, umelowa kiasi kwamba ukiufinya unachomoza katikati ya vidole na kukuachia alama ya ngozi yako ikiwa inang'aa. Ya kushoto naiacha ilivyo. Ya kulia inapata gramu 300 za chokaa isiyozimwa. Udongo uliomo, ukikaushwa kabisa, una kilo 10, kwa hiyo hiyo ni asilimia 3. Msaidizi wangu anachanganya sasa hivi. Amevaa miwani na glovu kama mnavyoona. Safu ya mbele sogeeni nyuma hatua mbili. Kipimajoto kiko ndani ya kila ndoo. Zote mbili zinasoma nyuzi 24. Tutazirudia.

Nimeombwa nizungumzie kifusi kilicholowa na namna ya kukitibu kwa chokaa kabla ya kushindilia. Wengi wenu mmeshawahi kuimwaga. Lakini nimezunguka kwenye kazi nyingi na nimeona watu wanaijua chokaa kama mtu anavyomjua jirani wa kusalimiana naye getini tu. Wanajua inakausha. Basi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Tabaka limemwagwa, greda limesawazisha, rola inaingia. Mbele ya gurudumu udongo unabonyea, nyuma yake unainuka tena, na ukisimama mita tatu pembeni unahisi ardhi inapumua chini ya miguu. Godoro. Msimamizi anatazama saa, anasema: ongeza mizunguko. Mwendeshaji anaongeza. Godoro linazidi kuwa godoro.

Kwa nini mizunguko haisaidii? Hapa naomba kalamu, maana jambo hili huwa linasemwa kwa maneno wakati hesabu yake haizidi mistari miwili. Tuseme maabara imepata kwamba unyevu mwafaka wa udongo wenu, yaani ule unaoufanya ushindilike kuliko wote, ni asilimia 16, na ukishindiliwa kwenye unyevu huo mita moja ya ujazo inabeba tani 1.80 za udongo mkavu. Mkataba unataka asilimia 95 ya hapo, yaani tani 1.71. Lakini udongo ulioshushwa na tipa asubuhi hii una unyevu wa asilimia 22, yaani kilo 22 za maji kwa kila kilo 100 za udongo mkavu. Chembe za udongo zina uzito wa mara 2.70 ya maji. Sasa toa hewa yote, hadi punje ya mwisho, kitu ambacho hakuna rola iliyowahi kukifanya. Kinachobaki ni chembe na maji. Tani moja ya chembe inachukua mita za ujazo 0.37, maji yake yanachukua 0.22, jumla 0.59. Gawa: mita moja ya ujazo haiwezi kubeba zaidi ya tani 1.69.

Mkataba unataka 1.71. Haipatikani. Leteni rola nzito kuliko zote, pitisheni mpaka jioni. Maji hayabonyezeki, na katika mfinyanzi hayana njia ya kutoka haraka. Kila mzunguko wa ziada unaongeza tu shinikizo la maji yaliyonaswa ndani na kuvuruga udongo uliokuwa na nguvu kidogo. Mwendeshaji mnamlaumu bure.

Mna njia tatu za kweli. Ya kwanza ni jua. Ukiwa na siku mbili za upepo mkavu na eneo la kutandazia, piga haro, geuza, acha, geuza tena. Jua halina ankara, na mimi nikiona mtu anamwaga chokaa huku mbingu iko wazi na ratiba ina nafasi, namuuliza nani anamlipa. Ya pili ni kuchimba, kutupa na kuleta kifusi kingine, na hiyo wenye kulipa huwa wanaijadili kwa sauti ya juu. Ya tatu ndiyo iliyotukusanya hapa.

Kwanza tuelewane ni chokaa ipi, kwa sababu nimeona kosa hili na ni la kusikitisha. Kuna unga mweupe tatu zinazoitwa chokaa. Ile ya kupunguza uchachu mashambani ni mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, hayajachomwa. Ukiimwaga kwenye kifusi kilicholowa umemwaga mchanga mweupe, haifanyi kitu. Ya pili ni chokaa iliyozimwa, ambayo imeshakunywa maji yake kiwandani. Hii inaubadilisha mfinyanzi vizuri, ila kwa kukausha uwezo wake ni mdogo: inafanya kazi ya unga mkavu uliochanganywa na tope. Ya tatu ni chokaa isiyozimwa, iliyotoka tanuri na bado ina kiu. Kila kilo yake safi inafunga gramu 320 za maji ndani ya mwili wake, na wakati inafunga inatoa joto kali. Kwa kukausha, hii ndiyo yenyewe. Na kwa uzito, kilo 3 za isiyozimwa zina kalsiamu sawa na kilo 4 za iliyozimwa, kwa hiyo anayewapa bei aseme kwanza ni ipi.

Sasa kinachotokea ndani. Turudi kwenye udongo wetu: kilo 100 za chembe, kilo 22 za maji, kilo 3 za chokaa isiyozimwa. Chokaa inakunywa karibu kilo 1 ya maji papo hapo. Joto lake, likisaidiwa na upepo na mashine inayogeuza, tuseme linaondoa kilo 1 nyingine kama mvuke. Kukiwa na baridi na ukungu itakuwa pungufu. Yamebaki maji kilo 20. Na chokaa yenyewe imegeuka unga mkavu wa kilo 4 hivi, kwa hiyo upande wa mkavu ni kilo 104. Ishirini kwa mia na nne: unyevu ni asilimia 19 na ushei.

Naona kijana wa safu ya nyuma anakunja uso. Ana haki. Tumetoka 22, tumefika 19, na unyevu mwafaka ni 16. Bado asilimia 3 nzima. Je, tuongeze chokaa maradufu?

Hapana. Na hapa ndipo penye jambo lenyewe lililonileta.

Chembe za mfinyanzi ni vibamba vyembamba vyenye chaji hasi usoni, na vinajizungushia tando la maji. Tando hilo ndilo linaloufanya mfinyanzi uteleze na kunata. Kalsiamu ikiingia inang'oa sodiamu na wenzake waliokaa juu ya vibamba, tando linasinyaa, vibamba vinakamatana ukingo kwa uso na kufanya vibonge vidogo. Hii haichukui wiki; inachukua saa chache. Udongo uliokuwa unanyooka kama kamba kati ya viganja sasa unakatika. Kikomo chake cha unyumbukaji kimepanda: unyevu uleule uliokuwa unaufanya uwe laini leo unaukuta ni mgumu. Ni udongo mwingine. Na udongo mwingine una unyevu mwafaka wake mwingine.

Upelekeni maabara udongo huu wenye asilimia 3, mpige upya kipimo cha Proctor, kile kinachotafuta unyevu mwafaka na uzito mkavu wa juu. Katika mfano wetu tuseme mkunjo wa grafu ya unyevu na uzito unahamia kulia na chini: unyevu mwafaka ni asilimia 19, uzito wa juu kabisa ni tani 1.70. Mwelekeo huo ndio wa kawaida kwa mfinyanzi uliotiwa chokaa. Unyevu mwafaka unapanda, uzito mkavu wa juu unashuka. Sasa mnaona? Sisi tulishuka kutoka 22, na lengo likapanda kutoka 16. Tumekutana njiani. Nusu ya kazi ilifanywa na maji kuondoka. Nusu nyingine ilifanywa na lengo kuhama.

Nililipia somo hili nikiwa fundi sanifu wa mwaka wa kwanza, na nililipia kwa gharama ya watu wengine. Tulitia chokaa tabaka la tuta, likashindiliwa. Nikapima uzito mkavu wa tabaka kwa koni ya mchanga, ile ya kuchimba kashimo na kukijaza mchanga ili kujua ujazo wake: tani 1.66. Nikafungua daftari, karatasi ya Proctor ilikuwa ya udongo ule kabla ya chokaa, inataka 1.71. Nikaandika "haikufaulu". Wakachimbua, wakamwagia maji kwa amri yangu, wakashindilia. 1.65. Nikaandika tena, wakachimbua tena. Siku ya pili yule mzee wa rola alizima injini, akashuka, akachukua bonge, akalivunja mbele ya uso wangu likawa chembechembe, akasema: "Kijana, huu si udongo wa jana. Wewe unaupima kwa karatasi ya jana." Kisha akapanda juu, akawasha.

Hebu angalieni nilichokuwa nadai. Uzito wa juu kabisa wa udongo mpya ulikuwa tani 1.70. Mimi nilikuwa nataka 1.71 kwenye eneo la kazi. Asilimia 95 ya lengo sahihi ilikuwa tani 1.62, na tabaka lile lilikuwa limeshaipita kwa raha. Nilichimbua kazi nzuri mara mbili, na kila nilipochimbua nilivunja viungo vilivyokuwa vinaanza kushikana. Kwa sababu kuna jambo la polepole pia: chokaa ikiwa ya kutosha, pH ya maji ya udongo, yaani kipimo cha uchachu au ukali wake, inafika 12.4, na katika ukali huo silika na alumina za mfinyanzi zinaanza kuyeyuka na kuungana na kalsiamu, kitu cha ukoo mmoja na kile kinachoshikanisha saruji. Hicho kinaendelea kwa wiki na miezi, na baridi inakichelewesha. Kama mnachotaka ni kukausha tu ili kazi iendelee, asilimia 1 hadi 3 mara nyingi inatosha na nguvu hizi za baadaye ni nyongeza. Kama mnataka kuzitegemea katika usanifu, hapo mnapima kiasi cha chokaa kwa kipimo cha pH cha Eades na Grim, cha mwaka 1966, na mnavunja mitungi ya majaribio ya udongo huo kuona nguvu yake. Msiahidi la pili kwa kufanya la kwanza.

R. R. Proctor mwenyewe, aliyetoa kipimo hiki mwaka 1933 akiwa kwenye kazi za mabwawa California, alikuwa anauliza swali la udongo fulani kwa nguvu fulani ya kushindilia. Badilisha kimojawapo, uliza swali upya. Ndiyo maana nasema agizeni Proctor za asilimia 1, 2 na 3 kabla lori la chokaa halijafika, siyo baada ya mabishano. Na sampuli hiyo ikichanganywa maabara, iachwe itulie muda uleule itakaotulia kwenye eneo la kazi.

Kazi yenyewe kwenye eneo nitaisema kwa kukimbia, isipokuwa mahali pawili.

Pa kwanza ni kutandaza. Tabaka la sentimita 30, tani 1.70 kwa mita ya ujazo, lina kilo 510 za udongo mkavu kwa kila mita ya mraba. Asilimia 3 ni kilo 15 na ushei. Chukua turubai la mita moja kwa mita moja, lilaze njiani mwa gari la kutandazia, gari lipite, likunje, pima. Dakika tano. Nimekuta mahali pana kilo 6 na hatua kumi mbele pana 25, na kwa macho yote ni nyeupe tu. Kwenye kilo 6 rola ilizama. Lawama zikaenda kwa chokaa.

Pa pili ni kina cha kuchanganya. Mashine ya rota ikishushwa sentimita 20 kwenye tabaka la 30, mmeoka ukoko juu ya tope. Juu panapendeza, rola inaimba, na wiki ya pili lori lenye mzigo linatoboa. Chimba kashimo kwa sururu, safisha ukuta wake, nyunyiza fenoftalini, dawa ya maabara inayobadilika rangi penye chokaa. Chokaa ilipofika panageuka rangi ya waridi iliyoiva. Ambapo haikufika panabaki rangi ya udongo. Mstari unaouona hapo hauhitaji mkutano. Mabonge nayo myaangalie: bonge la ngumi lenye waridi nje na udongo mbichi ndani ni ahadi hewa.

Ukishachanganya, iache chokaa izime. Kwa kukausha, saa moja au mbili hutosha mara nyingi. Kwa mfinyanzi mzito unaonata hasa, wengine hulaza usiku kucha na kuchanganya tena asubuhi. Punje isiyozimwa ikibaki ndani ya tabaka lililoshindiliwa itazimika baadaye ikivimba, na utaona vichuguu vidogo juu ya kazi yako. Mvua ikinyemelea, funga uso kwa rola laini na uweke mteremko. Wala usitandaze chokaa asubuhi ukaichanganya alasiri, maana hewa inaizima na kuirudisha taratibu kuwa jiwe lilelile la chokaa lisilofanya kitu. Mwanzo rola ya miguu ya kondoo, ile yenye vinundu, mwisho rola laini. Mnajua.

Neno kwa wenye mashine ya nyuklia ya kupimia unyevu. Ile inahesabu haidrojeni. Maji yaliyofungwa ndani ya chokaa iliyozimwa yana haidrojeni, kwa hiyo mashine inayaona na kukuambia udongo una unyevu kuliko ulivyo. Tanuri la nyuzi 105 haliyatoi maji hayo. Lipeni tanuri nafasi ya kusahihisha mashine, na siyo kinyume chake.

Sasa pale ambapo chokaa haifai. Mchanga na changarawe visivyo na mfinyanzi havina vibamba vya kushikana. Chokaa itakunywa maji kidogo tu, na saruji ingewafaa zaidi. Udongo wenye mabaki mengi ya mimea unaila chokaa kabla haijafanya kazi. Na maji yanayotoka chini: jamani, chokaa haizibi chemchemi. Kama kuna mkondo chini ya tuta, chimbeni mfereji kwanza.

Lakini la kuogopwa ni salfeti. Jasi ndani ya mfinyanzi, au madini ya chuma na salfa yanayooza yakipata hewa, yakikutana na kalsiamu, alumina na maji katika pH kubwa, yanazaa fuwele iitwayo etringaiti. Fuwele hiyo inabeba maji mengi ajabu ndani yake na inavimba. Kwenye barabara kuu ya M40 nchini Uingereza, karibu na mwaka 1990, tabaka la mfinyanzi lililotibiwa kwa chokaa liliinuka baada ya kupitia majira ya baridi, na ikabidi kuondolewa. Las Vegas nako, Marekani, barabara ilivimba kwa sababu hiyohiyo. Kazi ilikuwa imeshindiliwa, imepimwa, imesainiwa. Ndipo ikaanza kukua. Kipimo cha salfeti ni kazi ndogo ya maabara: wengi huanza kuwa na wasiwasi ikipita sehemu 3,000 kwa milioni. Na pimeni sehemu nyingi, kwa sababu jasi hukaa kwa mifuko mifuko. Shimo moja safi halisemi lolote juu ya shimo la mita hamsini mbele.

La usalama sitalifanya la kufungia mkutano, ndipo watu huanza kukusanya mabegi. Nalisema sasa. Chokaa isiyozimwa ikikutana na jasho inazimika juu ya ngozi yako. Shati la mikono mirefu, glovu, suruali nje ya buti ili unga usiingie ndani, miwani inayoziba pembeni. Ikikumwagikia ngozini, pangusa unga mkavu kwanza, halafu maji mengi. Ikiingia jichoni, maji safi dakika 20 bila kukatisha, na hospitali. Siki na dawa za kienyeji za kupunguza ukali msizisogeze karibu na jicho la mtu. Maji hayo yawepo pale pale kwenye kazi, siyo ofisini. Upepo ukivuma kuelekea makazi ya watu, simamisheni kutandaza. Na mifuko isilazwe juu ya mbao penye uwezekano wa kulowa, maana joto lake likijikusanya linawasha moto.

Haya, ndoo. Soma, kijana. Kushoto nyuzi 24, kama tulivyoiacha. Kulia 37. Na hiyo ni ndoo ndogo inayopoteza joto pande zote.

Pindua zote mbili mezani. Ya kushoto imetoka na umbo la ndoo, inang'aa, na bado ina alama ya mwiko. Ya kulia imeporomoka. Sikuongeza udongo mkavu, mmeniona. Mkitaka kujua kama imekauka mnavyodhani, chukueni sampuli zote mbili mpeleke kwenye tanuri la maabara hapo nje, mkaandike namba kabla hamjasoma tena karatasi yoyote ya Proctor. Glovu ziko kwenye boksi la kushoto. Mwenye lenzi za kuvaa machoni abaki nyuma, tafadhali, awaachie wenzake.